Bibi Kisaga wa Isevya

Baba alikuwa akifagia mabehewa kituoni Tabora,
na siku ile alirudi na chupa tatu tupu,
kandambili moja ya kushoto,
na kitabu.
Hakikuwa na jalada. Kilinuka dagaa.
Mtu fulani aliyepandia Kigoma
alichana kurasa za mwisho akafungia kitoweo,
akashuka nazo Kaliua, au Urambo, nani ajuaye.

Humo ndani aliishi Bibi Kisaga,
mwizi wa sauti za watoto.
Alizisaga usiku, akakoroga uji mweupe,
akanywa, akaamka kigori.
Alikuwa na kunguru wawili makarani,
mmoja wa kuandika madeni, mmoja wa kuyakumbusha,
na bawabu mwenye funguo arobaini
aliyelia kila alipofungua mlango,
lakini alifungua.

Na shujaa? Alikuwepo. Aliitwa Sibuka.
Jasiri ukurasa wa kwanza, jasiri ukurasa wa tisini,
mtoto asiyewahi hata kukojoa kitandani.
Tukicheza nyuma ya kota za reli
hakuna aliyemtaka. Tulimpa Mhoja
kwa kuwa alikuwa mdogo, hajui kukataa.
Kashindye alikuwa kunguru wote wawili.
Dada yangu Nyamizi alichagua ubawabu:
alijifunga kiunoni nati za karakana,
akalia machozi ya kweli.

Bibi Kisaga nilikuwa mimi.
Mimi niliyetumwa dukani na karatasi,
maana neno "sukari" lilinichukua
mpaka muuzaji akahudumia wengine wawili.
Mimi ambaye mwalimu akiniuliza jina
wenzangu walihesabu kwa vidole.
Nikajitanda khanga ya mama,
nikapanda juu ya pipa la lami, nikasema:

*Leta sauti, mwanangu, niisage iwe unga;*
*kilio chako ni changu, kicheko nimekifunga;*
*hata jina, mali yangu, kibuyuni nalichunga.*

Mstari wa nne nimeusahau.
Lakini haikukwama hata herufi.
Nyamizi aliacha kulia. Kashindye akashusha mbawa.
Garimoshi la mizigo lilipita, likapita, likaisha,
nami nilikuwa bado nasema.

Usiku nilijiuliza: labda yangu aliisaga nusu,
akachoka, akaniachia chenga,
na mchana ananiazima nzima.
Ndiyo maana sikuweza kumuua.
Tulipotunga mwisho, kila mtu na wake,
Mhoja alimtumbukiza kisimani,
Kashindye alimfungulia nyuki
wa mizinga ya babu yake kule Sikonge,
Nyamizi alimwoza kwa bawabu,
wakahamia Ipuli, wakafungua mgahawa wa uji.
Mimi nilisema, "A-a-acheni kwanza."

Miaka thelathini na minne baadaye
nimekikuta kizima, kina jalada na yote,
ndani ya boksi la vitabu vya msaada shuleni kwangu.
Niliusoma mwisho nikiwa nimesimama.
Anakufa. Mistari mitatu.
Anateleza kwenye unga wake mwenyewe,
Sibuka anacheka,
sauti zinaruka kama kumbikumbi kurudi makwao.
Za nani na nani? Haikuandikwa.
Daftari la kunguru halikutajwa.
Bawabu hata hakuulizwa.

Basi Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa la nne,
nimewasomea mpaka ukurasa ule ule,
bibi nikimsema kwa sauti yake isiyokwama,
kisha nikafunga kitabu.
"Zi-zilizobaki," nikasema, "zilifungia dagaa."

Kabula wa dawati la mbele,
mwenye macho ya kuhesabu chenji,
akanyoosha mkono.
"Mwalimu, mbona naziona?"